Ng'ombe Dume Aliyekaa Eda Pujini

Waliokuwapo

Kwanza niwataje waliokuwapo, maana nyie wa Makangale mna tabia ya kuuliza katikati ya hadithi, "Huyo naye ni nani tena?" nami nikapotea njia.

Nilikuwapo mimi, Mize binti Shaame, bibi yake Rukia, mwari wa harusi. Alikuwapo Hamadi Kombo, mume wa binti yangu Kazija na baba yake Rukia, mwenye kile kigari cha mizigo ambacho mlango wake mmoja hufungwa kwa kamba. Alikuwapo Raya binti Omari wa Pujini. Mama yake na mama yangu tumbo moja, kwa hiyo ni ndugu yangu, na kila akikutana na mtu mgeni husema mimi ndiye mkubwa. Alikuwapo Daktari Neema, daktari wa ng'ombe, mtoto wa Bara, kwao Mara, Mkristo, anakaa Chake. Akaja baadaye, bila kuitwa, Mzee Faki Makame, babu yake bwana harusi, ambaye nyote mnamjua kwa mambo mawili: ng'ombe wake na tumbo lake. Na alikuwapo Mgeni. Mgeni ni ng'ombe dume.

Walikuwapo na wengine wengi, nitawataja wakifika.

Mmeniuliza kila mtu kwa wakati wake, kisimani, msibani, mpaka dirishani nikiwa juu ya msala: "Bi Mize, ilikuwaje ukaenda kuchukua ng'ombe wa walima ukarudi na ndoo?" Nimechoka kusimulia vipande vipande. Nimeandika yote, kwa mkono huu uliofundishwa kisomo cha watu wazima. Atakayeona herufi zimepinda, naye apinde kichwa.

Makangale mpaka Mkoani, yaani kisiwa kizima

Kwetu ng'ombe wa walima, ile karamu ya harusi, haletwi nyumbani mpaka bibi wa mwari amkubali kwa macho yake. Bibi yangu alifanya hivyo, mama yangu akafanya hivyo. Sasa Hamadi, aliposikia ng'ombe wake kapakiwa Tanga na boti ya mizigo itashusha Mkoani, akaniambia, "Mama, wewe pumzika. Nitakupigia picha kwa simu."

Nikamwambia, "Picha haifungui mdomo nikaona meno."

Si kwamba namdharau mkwe wangu. Lakini Hamadi ndiye yule aliyenunua mbuzi wa maziwa kwa picha, akaletewa beberu.

Kilichonitia wasiwasi kuondoka kilikuwa kimoja tu: Tunu. Tunu ndiye ng'ombe wangu wa pekee, sina mwingine. Maziwa yake ndiyo sukari yangu, ndiyo sabuni yangu, na ndiyo heshima yangu, maana mtu mwenye maziwa haombi, huombwa. Alikuwa na mimba pevu, tumbo limeshuka, kiwele kimejaa. Nikamwachia Kazija, nikamwambia, "Asizae mpaka nirudi."

Kazija akashtuka, "Nani, mimi?"

Tukaondoka baada ya sala ya alfajiri. Konde tukanywa chai kwa mkate wa kumimina kwa Bi Kidawa Suleiman, ambaye hakutaka tulipe kwa sababu ya harusi, halafu akatuuliza kama amealikwa. Hakuwa amealikwa. Akaalikwa palepale. Kufika Chake, Hamadi alikuwa ameshaalika watu njia nzima, kila aliyetuuliza tunakwenda wapi. Nikamwambia, "Wewe, unaalika kwa ng'ombe ambaye bado yuko baharini!"

"Mama, ng'ombe ni mkubwa," akasema.

"Umemwona?"

"Kwa picha."

Mkoani: Mgeni anashuka

Boti ilichelewa. Tulikaa bandarini mpaka nikawajua wachukuzi wote kwa majina, na mmoja wao, Ali Khatibu, tukagundua kuwa babu yake na babu yangu walioa nyumba moja. Akaniletea muhogo wa nazi na kipande cha pweza. Bila ya ukoo ule ningeshinda na njaa.

Boti ilipofika walishuka ng'ombe wengi, wamebanana kama tende kwenye kikapu, huyu kamtegemea yule, pua kwa pua. Wetu alikuwa mwekundu, ana baka jeupe kwenye paji la uso. Nikamfungua mdomo. Meno mazuri, kuliko ya Hamadi. Tukamwita Mgeni, kwa kuwa hakuwa na jina na mtu humwiti "wewe" mpaka Makangale.

Mfanyabiashara aliyekuja nao, sikumwuliza kitu, akasema mwenyewe, "Bibi, ng'ombe huyu hajawahi kuumwa hata kikohozi." Nikafurahi. Sasa najiuliza, mtu anayekujibu kabla hujamwuliza, ameulizwa na nani?

Hapo ndipo akaja Daktari Neema, kijana, amevaa buti za mpira zinazofika magotini. "Shikamoo Bibi." "Marahaba mwanangu, hujambo." Akamtazama Mgeni ulimi, akamwinua kwato moja moja, akampima joto mahali ambapo Hamadi aligeuza uso. Halafu akamwuliza mfanyabiashara, "Hawa umewakusanya wapi?"

"Kila mahali, Daktari. Mnada huu, mnada ule. Ng'ombe ni kama watu, hukutana sokoni."

"Ndiyo tabu yenyewe," akasema Neema. Akanigeukia. "Bibi, leo haonyeshi kitu. Lakini kuna maradhi ya miguu na midomo, hukaa ndani ya ng'ombe siku kadhaa yamejificha. Ng'ombe mmoja akiyapata mnadani, anayapeleka kila anakouzwa. Sasa huyu nendeni naye moja kwa moja, afungwe peke yake, asichanganyike na mnyama yeyote. Mimi nitakuja Makangale kumtazama kabla hamjamchinja Ijumaa. Nikimkuta mzima, haya, mleni. Umenielewa?"

Nikafikiri kidogo. Akae peke yake. Asitoke. Asichanganyike. Kwa muda maalumu. "Kumbe unataka akae eda!"

"Eda ndiyo nini, Bibi?"

Nikamweleza: mwanamke akifiwa na mumewe hukaa ndani miezi minne na siku kumi, haendi harusini, hajipambi, hatoki ila kwa dharura.

Uso ukamng'aa. "Ndiyo hiyohiyo, Bibi! Sijawahi kuisikia imeelezwa vizuri hivyo. Huyu yuko eda."

Tukaagana kila mmoja ameridhika kwamba ameeleweka. Na balaa lote lilitoka hapo.

Mkoani mpaka Pujini, ambako hatukuwa tunakwenda

Hatukupanga kupita Pujini. Lakini gari la Hamadi lilipopanda mlima na Mgeni mgongoni lilianza kutoa mvuke kama birika, likazima. Tukatia maji, likawaka. Tukaenda kidogo, likazima. Na hapo hapo simu ikalia, Raya.

"Mize! Nimesikia umeonekana Mkoani na ng'ombe wa harusi. Kumbe waweza kupita karibu na mlango wangu usinisalimu? Nimekukosea nini?"

Nani kamwambia? Sijui mpaka leo. Pujini wana masikio marefu kuliko barabara yao. Hamadi akasema gari halifiki Makangale bila kupoa usiku kucha. Basi tukakata kona kwenda kwa Raya.

Nataka mjue kwamba nilikuwa mwangalifu. Raya ana ng'ombe wake, huwafunga nyuma ya nyumba minazini. Kabla Mgeni hajatia mguu chini nikasema, "Raya, huyu asione ng'ombe wako wala ng'ombe wako wasimwone. Daktari kasema. Yuko eda."

Raya akanitazama. "Dume?"

"Dume."

"Haya," akasema, "dunia imefika mwisho," akatuondolea kuni kwenye jiko lake la zamani la nje, upande wa mbele, mbali na minazi. Tukamfunga Mgeni humo. Hamadi akalala garini. Mimi nikalala kwa Raya, nikaamka mara kwa mara kumchungulia, nikampa maji kwa mkono wangu. Roho yangu ikatulia. Ng'ombe yuko peke yake, kama tulivyoagizwa.

Pujini: watu wanakuja kukalia eda

Asubuhi nikasikia hodi. Nikafungua, nikamkuta Bi Salama binti Haji, jirani, na mzigo wa majani mabichi kichwani. "Nimekuja kumtazama mwenye eda."

Jamani, Raya alikuwa amemwambia mtu mmoja tu. Lakini mtu huyo mmoja alikuwa Bi Salama.

Nanyi mnajua mila yetu. Aliyekaa eda haachwi pweke. Wanawake huja kumkalia, wakamletea chakula, wakamzungumzisha asije akazama kwenye mawazo. Akaja Bi Zuwena Mbarouk na maganda ya muhogo. Akaja Bi Mwanakombo Sharifu na mawifi zake, Maua na Tatu. Kila mmoja na chake mkononi, kila mmoja ameingia mpaka ndani, akampapasa Mgeni kichwa, akasema, "Pole baba. Ndiyo mambo ya Mungu."

"Kafiwa na nani?" akauliza Tatu.

"Kawaacha wenziwe wote Bara," akajibu Raya. "Wake zake, hata idadi hajui."

Wakacheka mpaka Maua akakaa chini. Wanaume nao wakaja kusikia kinachochekwa. Makame Ali akauliza kama dume akikaa eda atavishwa ushungi, na kama akimaliza ataposwa. Mimi nilikuwa nacheka na kukaribisha. Nikawapa kahawa. Niliona fahari kwamba ng'ombe wetu anapewa heshima, na nikahesabu kimoyomoyo nani wa kumwalika harusini kati ya hao. Bi Salama alipoondoka akachukua yale majani ambayo Mgeni aliyagusa akayaacha, akasema atampa ng'ombe wake, baraka ya harusi.

Kukaribia adhuhuri nikaona Mgeni hali kitu. Kasimama, ute mrefu unamning'inia mdomoni mpaka chini, na anainua mguu huu, anauweka, anainua ule, kama mtu anayekanyaga mchanga wa moto.

Basi kila mtu akawa mganga. Raya akasema kakumbuka kwao. Hamadi akasema ni kichefuchefu cha bahari, kimechelewa. Bi Zuwena akasema ni husuda, na husuda yenyewe imetoka Makangale, maana Pujini hawana husuda.

Nikaingia mwenyewe nikamfungua mdomo. Yale meno niliyoyasifu yalikuwa palepale, lakini ufizi na ulimi vilikuwa na malengelenge, mengine yamepasuka yamekuwa vidonda.

Hamadi akaninong'oneza, "Mama, chwende zetu sasa hivi. Tumtie garini, tumfikishe, tumchinje leo leo. Nyama ni nyama. Watu wameshaalikwa."

Sitawaficha, maneno yale yaliniingia. Rukia yuko ndani anasingwa kwa ajili ya harusi. Mzee Faki alishatangaza kisiwa kizima kwamba mjukuu wake ataoa kwa dume la Tanga. Nikirudi mikono mitupu, nitaiweka wapi sura yangu? Lakini nikaona ile njia: Chake, Konde, vijiji vyote, ng'ombe wamefungwa pembeni mwa barabara, na sisi tunapita na ute ule unadondoka. Na mwisho wa njia nikamwona Tunu.

Nikamwambia Hamadi, "Nipe simu. Nitafutie yule mtoto wa buti."

Daktari Neema na majina

Alikuja na vespa, ndoo mbili na dawa ya kuulia vijidudu. Akasimama uani, akatazama jiko, akatazama mkeka uliojaa wanawake na vikombe vya kahawa.

"Bibi, si tulikubaliana akae peke yake?"

"Hakuna mnyama hata mmoja aliyemkaribia! Hata kuku nimewafukuza."

"Na hawa?"

"Hawa wamekuja kumkalia eda."

"Bibi, si ulisema mwenye eda anakaa ndani hachanganyiki?"

"Hatoki! Lakini watu huingia. Sasa mwanangu, tumwache mtu na msiba wake peke yake? Sisi tumekuwa watu gani?"

Neema akageuza ndoo moja akaikalia. Sikujua kama anacheka au analia, mabega tu yanatikisika. Aliponyanyua uso akauliza polepole, "Mlioingia humo ndani, nani ana ng'ombe nyumbani?"

Mikono yote ikapanda. Hata Makame Ali.

Akatueleza, na ninyi mnisikilize kwa makini. Akasema mdudu wa maradhi haya hahitaji ng'ombe kumpanda. Hupanda kanga, hupanda kiatu, hupanda mkono uliompapasa, hupanda majani yaliyotemewa mate. Mtu mwenyewe haumwi, basi huenda naye mpaka bandani bila kujua. "Ng'ombe wakubwa wengi hupona," akasema. "Lakini maziwa hukauka, mimba huharibika, na ndama wadogo hufa."

Pale kwenye mimba sikusikia tena vizuri.

Akataka majina ya wote walioingia, awapitie nyumba kwa nyumba. Nikaanza, "Salama binti Haji wa Haji Mtumwa, yule aliyekuwa na shamba la mikarafuu, mama yake Bi Sichana, aliyeolewa kwanza Wambaa..."

"Bibi, nataka nyumba, si ukoo."

"Sasa nyumba utaijuaje bila ukoo? Pujini wana Salama wangapi unafikiri?"

Basi akavumilia. Tatu nilimsahau kidogo, Raya akanikumbusha. Neema akapanga watu mlangoni, mikono na miguu ndani ya ndoo, mmoja mmoja, viatu visuguliwe, kanga zikafuliwe kabla ya kwenda kwa mifugo. Majani ya Bi Salama yakafuatwa mbio, na kwa rehema ya Mungu ng'ombe wake alikuwa bado malishoni, hakuwa ameyala. Bi Zuwena akagoma kutia miguu, ana hina mpya. Makame Ali akamwambia, "Tia, Bi Zuwena, hina hiyo hata mumeo hajaiona." Akatia, kwa hasira, maji yakamrukia Makame mpaka usoni.

Walipokwisha wote nikavuta pumzi. "Basi, mwanangu. Sijaacha mtu."

Neema akanitazama. "Umemwacha mmoja, Bibi."

Nikapita tena kichwani, Salama, Zuwena, Mwanakombo, mawifi, Makame, Raya, Hamadi. "Nani?"

"Wewe. Umemnywesha maji, umemtia mkono mdomoni, umekaa naye tangu bandarini. Nyumbani una ng'ombe?"

"Mmoja," nikasema. "Ana mimba."

Bi Zuwena, hina yake imelowa, akanisogezea ndoo.

Neema akanishika mkono, palepale kwenye maji ya dawa. Akasema nioge, niache nguo zangu kwa Raya zichemshwe, harusini naweza kwenda. Lakini kwa Tunu nisitie mguu wiki mbili, hata akizaa. "Hasa akizaa, Bibi."

Mzee Faki anakuja kuchukua ng'ombe wake

Hamadi alimpigia simu kumwambia hakuna ng'ombe. Sote tulisikia jibu bila simu kuwekwa sauti kubwa: "Walima bila ng'ombe ni futari ya mgonjwa! Nakuja mwenyewe!"

Akaja kesho yake na gari la kukodi. Akaipita ndoo kama mtu anayekwepa dimbwi, salamu aliitoa akiwa tayari ndani ya jiko. Neema alikuwa amekuja kumtazama Mgeni, akamwita, "Mzee! Mzee, tafadhali!" Lakini Mzee Faki, mnamjua. Akamshika Mgeni pembe, akamfungua mdomo, akainama kuchungulia.

Mgeni akapiga chafya.

Ute ulimjaa Mzee Faki kuanzia kofia mpaka vifungo vya kanzu, ile kanzu yake ya Ijumaa. Akatoka nje amepanua mikono. "Mzima kabisa huyu," akasema. "Ana mafua tu."

"Shikamoo mzee," akasema Neema. "Nyumbani una ng'ombe?"

"Mimi? Binti, simama popote Makangale uulize."

"Basi hutawaona wiki mbili."

Mnataka kujua alisema nini? Alisema alichunga ng'ombe kabla baba yake Neema hajazaliwa. Alisema mtoto wa Bara hawezi kumfundisha Mpemba ng'ombe. Neema akamjibu kwa adabu kwamba kwao Mara mtoto hutembea akishika mkia wa ndama, na baba yake alipoteza ndama wote wa mwaka mmoja kwa maradhi haya haya, kwa sababu ya mgeni mmoja aliyekuja kununua dume akiwa na viatu vya mnadani. Mzee Faki akafungua mdomo kujibu, ute ukamwingia, akaufunga.

Nikamwambia, "Mzee Faki, wewe una ng'ombe wote wale, na vijana wa kuwatunza. Mimi nina Tunu peke yake, na nimekubali azae nisiwepo. Ukiyaleta wewe maradhi haya Makangale, yatafika kwa Tunu kabla ya kumaliza zizi lako. Utanitazama vipi?"

Akaitazama ile ndoo. Halafu akavua viatu akaingiza miguu ndani ya ndoo, akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo, "Na Ijumaa nitakula nini?"

Nguo zake nazo zikabaki kwa kuchemshwa. Nyumba nzima nguo ya kiume iliyokuwapo ilikuwa kanzu ya marehemu Khamis, mume wa Raya, Mungu amrehemu, mtu mzuri lakini mfupi. Ilimfika Mzee Faki magotini.

Pujini mpaka Makangale, bila ng'ombe

Gari la kukodi lilishaondoka zake, basi tukarudi watatu ndani ya kigari cha Hamadi, kilichosuguliwa dawa mpaka matairi yakang'aa: Hamadi, mimi ndani ya gauni la Raya lililonibana, na Mzee Faki kashika kanzu isipande. Mgeni alibaki. Raya naye alibaki, maana hakuweza kuacha ng'ombe wake wala kuja kwetu na miguu ile. Alinililia kwenye dirisha la gari. "Nilishona nguo, Mize." Nikampa mkono, akakataa kuushika. "Umeshaoga," akasema, "usinishike tena."

Neema alinipa ndoo moja na chupa ya dawa, niiweke mlangoni kwangu.

Konde Bi Kidawa alitoka na mkate wa kumimina akitabasamu, akatazama nyuma ya gari, patupu. Akatazama miguu ya Mzee Faki. "Ng'ombe yuko wapi?"

"Yuko eda," akasema Mzee Faki, akapandisha kioo.

Tukaingia Msitu wa Ngezi. Halafu nikasikia kitu kinatikisika kando yangu, nikadhani mzee analia. Kumbe anacheka. "Bi Mize," akasema, "mimi nimepigiwa chafya na walima!" Hamadi ikabidi asimamishe gari.

Ijumaa, na Jumapili

Ya harusi mliyaona wenyewe, sina haja ya kuwasimulia. Wavuvi wa Makangale waliposikia hakuna ng'ombe walitoka wote, wakaja na nguru na pweza, mkala wali wa nazi mkanyamaza. Nitasema moja tu: yule aliyesema walima bila ng'ombe ni futari ya mgonjwa aliomba sahani tena, na tena, na mara ya mwisho hakuomba, aliifuata jikoni.

Tunu alizaa Jumapili asubuhi. Kazija aliniita kwa sauti, nami nikatoka mbio, nikafika kwenye kamba aliyoifunga njiani ili nisisahau, nikasimama. Tangu nimfuge Tunu hajawahi kuzaa bila mkono wangu. Nikamsikia analia ule mlio wa kunitafuta. Sikumjibu, maana angekuja.

Kulikuwa na gogo la mnazi kando ya njia. Nikakaa. Mara nikamwona Mzee Faki anakuja, yeye naye kafukuzwa na vijana wake kwenye zizi lake mwenyewe, hana pa kwenda asubuhi. Akakaa upande wa pili wa gogo. 

Kazija akapiga kelele, "Jike!"

"Miguu yake?" akauliza Mzee Faki kwa sauti kubwa.

"Kasimama!"

"Mdomo?" nikauliza mimi. Kazija hakujibu. Nikasimama, nikaikamata ile kamba. "Kazija! Mdomo wake?"

"Ananyonya, Mama. Siwezi kumtoa."

Nikakaa tena kwenye gogo, nikafuta macho kwa ncha ya gauni la Raya. Mzee Faki akajifanya anatazama minazi. Baadaye akasema, "Bi Mize, watu wakituona hapa watasema tunakaa eda pamoja."

Nikamwambia, "Ya mume wangu ilikuwa ndefu. Hii ni ngumu."

Ng'ombe wawili wa Raya waliumwa, wakachechemea, wakapona, ingawa maziwa yamepungua. Nyumba nyingine za Pujini, mpaka ninapoandika, hakuna. Tunu mzima, ndama mzima. Mgeni naye kapona, kanenepa. Hamadi amempigia simu Raya mara kadhaa kuuliza atakwenda kumchukua lini. Raya husema mtu aliyekaa eda nyumbani kwake, akakaliwa na kijiji kizima, haliwi.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Kama kuna niliyemkosea jina, au niliyempa mama asiye wake, anisahihishe, kichwa changu si kile cha zamani. Na kama ulipita kwa Raya siku ile ukampapasa Mgeni nami sikukutaja, njoo uniambie, usione haya, hata mimi nilijisahau. Ila ukija usipitilize ndani. Ndoo iko mlangoni. Tanguliza mguu wa kulia.